Makaburi ya kiambo ni ya nani hasa?

Mwaka jana shangazi yangu alifariki mjini, saa tisa usiku, na kabla ya alfajiri simu zishaanza kulia huku na huku, na suali la kwanza watu waliloulizana baada ya kusema innalillahi halikuwa nani atamuosha wala atasaliwa saa ngapi, lilikuwa "anazikwa wapi?" Maana marehemu alikuwa na pahala patatu. Kwa baba yake ni Makunduchi, kusini ya Unguja, kwa mama yake ni Pemba upande wa Micheweni, na mume wake aliemtangulia amelala Mwanakwerekwe, makaburi ya mjini. Watoto wake walitaka mjini, karibu na baba yao na karibu na wao wenyewe. Ndugu zake wanaume wakasema hapana, huyu anarudi kwao. Wakavutana mpaka jua likapanda, kwa heshima lakini wakavutana, na mwisho tukateremka nae kusini, akazikwa baada ya sala ya adhuhuri kwenye makaburi ya kiambo alichozaliwa.

Sasa pale makaburini, watu wakisubiri kaburi limalizike kuchimbwa, kijana mmoja wa mjini akauliza, kwa nia safi kabisa: "Kwani haya makaburi ni ya nani? Yana hati?" Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni ya ukoo. Mwengine akasema ni wakfu. Wa tatu akasema ardhi yote ni ya serikali, mwanangu. Nilivokuja kufuatilia baadae nikaona wote watatu walisema kweli, na ndo hapo penye tatizo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasema kweli ya zama zake. Basi haya nnayaandika kwa ajili ya suali la yule kijana, maana wengi wetu tuliozaliwa mjini tunakwenda shamba kuzika, tunatia michanga yetu mitatu, tunarudi zetu na hatujui tulikuwa tumesimama juu ya nini.

Tuanze na kiambo chenyewe. Kiambo ni yale makaazi ya mwanzo ya ukoo, pale babu na bibi wa kwanza walipofyeka mwitu, wakachimba kisima, wakajenga, wakapanda minazi. Watoto wakaoa wakajenga ubavuni, wajukuu wakajenga ubavuni mwa wale, na viambo kadhaa vikikaribiana ndo unapata mji, na mji kwa lugha ya shamba usifikirie Mji Mkongwe, ni kijiji chenye wenyewe. Uzao wa waliofungua pahala ndo wavyale. Zamani mtu akitaka kufyeka konde mpya alikwenda kwa mvyale kwanza, kwa sababu yeye ndo anaejua mizimu ya pahala na yeye ndo anaekupa njia. Mambo ya mji yalisimamiwa na wazee wanne, na jina lao lilikuwa hilo hilo, watu wanne, na juu yao kwa Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja, alikuwepo mtawala wao, Mwinyi Mkuu, kule Dunga, Watumbatu, wa kisiwa cha Tumbatu na kaskazini, walikuwa na sheha wao, na Pemba walikuwa na madiwani. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki 1865, mwanawe Ahmed akafariki 1873, na kiti kile kikaishia hapo. Lakini viambo havikufa nae. Mpaka leo ukenda Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya, utasikia watu wanahesabiana ukoo na sehemu, huyu wa Nganani, yule wa Kajengwa, na hawakosei.

Na mtu wa zamani akisema mimi ni wa kiambo fulani alithibitisha vipi? Hati hakuna, faili hakuna. Kulikuwa na vitu viwili vilivyoko ardhini: kitovu na kaburi. Kitovu cha mtoto kikizikwa nyumbani alipozaliwa, ndo maana mtu mzima husema kitovu changu kiko pale na kila mtu akaelewa anasema nini. Na kaburi la babu yako ndo ushahidi wa upande wa pili. Wazee wangu wakigombania konde sikuwahi kuwasikia wakianza na mipaka, walianza na nani kazikwa wapi na nani alimzika, na mwenye makaburi mengi na ya zamani zaidi ndo mwenye neno. Hata zile nguzo mbili zinazosimamishwa kaburini, moja kichwani na moja miguuni, tunaziita mashahidi. Mimi nlikuwa nalisikia neno hili tokea mdogo na sikuwahi kulifikiria, kumbe lina maana yake kamili, mawe yale kweli yanashuhudia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndo ufunguo wa yote, na watu hawalisemi: mchanga.

Unguja yetu haiko sawa. Magharibi na katikati ndo kwenye ardhi nzito, ya mikarafuu na minazi mikubwa. Mashariki na kusini ni jiwe, matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, na udongo juu yake ni kama umepakwa tu. Wakulima wana majina yake: maweni ni jiwe tupu lenye vichaka, uwanda ni jiwe lenye udongo kidogo, kinongo ule udongo mwekundu unaokaa kwenye mifuko baina ya mawe, na kichanga ni ile ardhi ya mchanga, ikiwemo ya pwani. Sasa fikiria mtu amefariki asubuhi na sharia inataka azikwe haraka. Kaburi kwa madhehebu yetu ya Shafi linapendekezwa liende chini kimo cha mtu na mkono wake alounyanyua juu. Ukichimba hivo maweni, kwa mtaimbo na sururu, vijana sita watakesha na hawajafika kiunoni. Kwahiyo waanzilishi walitafuta pahala panapochimbika, ama mfuko wa kinongo uliojaa vizuri, ama kichanga cha pwani. Makaburi mengi ya viambo niliyoyaona mimi upande wa kusini yako kwenye moja ya sehemu hizo mbili, na ya pwani ndo mengi zaidi.

Hata namna ya kuchimba inafuata ardhi. Kwenye udongo unaojishika unachimba mpaka chini halafu unachonga mwanandani ubavuni upande wa kibla, maiti anaingizwa mule. Kwenye kichanga mwanandani haukai, unaporomoka, kwahiyo unachimbwa mfereji katikati ya kaburi, analazwa humo na kufunikwa kwa viunza, zile mbao, ndo mchanga unarejeshwa. Kwa sababu Makka kutokea kwetu iko karibu kaskazini moja kwa moja, maiti analala ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Ukiingia kwenye makaburi ya zamani yaliyoota msitu na hujui pa kuanzia, tafuta mawe mawili yaliyosimama yakitazamana mashariki na magharibi, hapo katikati pana mtu, zunguka usikanyage.

Na si viambo vyetu tu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi yake ya kufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yani 1107, uko pale karibu na bahari na ubavuni mwake pana makaburi ya kale. Pemba, Ras Mkumbuu, ile rasi ndefu inayoingia baharini, pana magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, yale yenye mnara wa jiwe umesimama juu ya kaburi, na mafundi wa zama zile walikuwa wakipachika bakuli za kauri kwenye kuta za makaburi kama pambo. Yale bila shaka ni ya watu wakubwa wa mji. Ya viambo vyetu ni mawe tu. Lakini mpango ni ule ule, watu walikaa karibu na bahari inayowalisha na wakazika kwenye ardhi inayokubali kuchimbwa.

Shaaban iliyopita tulikwenda kusafisha kabla ya Ramadhani, kama kawaida, mapanga na mareki, na mara hii nikamuomba bibi anitembeze kaburi kwa kaburi na mimi nnarikodi kwa simu. Bibi ana umri mkubwa, anatembea kwa bakora, lakini mule ndani hakuhitaji mtu wa kumuonesha njia. Alianza mwisho kabisa, chini ya muembe, akasema hapa ndo pa mwanzo. Nikatazama, mawe mawili ya matumbawe, hayakuchongwa, yamekula ukungu mweusi, hayafiki magotini. Hakuna jina. Ukisogea mbele mawe yanaanza kuchongwa kidogo, halafu yanakuja makaburi ya kutiwa chokaa pembeni, chokaa ya kuchoma matumbawe, ile inayopikwa na wenyewe. Halafu saruji inaingia, vibao vya mbao vyenye jina kwa herufi za Kiarabu, vingi vishaliwa na mchwa, na mwisho huku karibu na njia vibao vya marumaru na chuma vyenye jina na tarehe kwa herufi za kizungu. Yani unatembea hatua sabini themanini na umepita mikono mingi ya watu, na unaona wazi lini chokaa iliachwa na lini saruji ikafika kijijini.

Tulihesabu makaburi 61 yanayoonekana. Bibi akataja majina 38, na kila jina alilitaja na kamba yake, huyu ni mama yake fulani, aliozaa na fulani, aliekufa mwaka wa njaa, huyu mtoto alieanguka kisimani, huyu alikuwa mkali. Akifika kwa asiemjua hakubahatisha. Alisimama, akasoma Fatiha, akasema "huyu simjui, lakini ni wetu."

Kutokuwa na majina kusikupe fikra kuwa watu walikuwa masikini au hawajali. Kaburi kwa mafunzo ya Shafi linanyanyuliwa shibiri moja tu lijulikane, na kulijengea ni jambo linalochukiza, na kwenye makaburi ya watu wote ni haramu kabisa kwa sababu unawabania wenzio nafasi. Ibadhi, madhehebu ya masultani, nao hawapendi makaburi ya fahari. Hata Sayyid Said bin Sultan, aliefariki 1856 na alietawala kutoka huku mpaka Maskat, mwanawe Majid alianza kumjengea kaburi la kuba pale mjini karibu na kasri na likasimamishwa katikati, wanazuoni wa Ibadhi walilipinga, na mpaka leo liko vile vile halikumalizika. Kama sultani hakujengewa, babu yetu mvuvi atajengewa? Jina lake lilikaa kwenye midomo ya wanawake, ndo pahala pake pa kuhifadhiwa, kwa sababu wao ndo waliokaa matanga, waliopika hitima, na wao ndo wanaojua nani tumbo moja na nani.

Pana kitu watu wanachanganya na nnataka nikiseme wazi. Mzimu si makaburi. Mzimu ni pango, au mti, au jiwe, pahala pa viumbe wasioonekana, panapotiwa ubani na kutundikwa vitambaa, na msimamizi wake ni mvyale. Makaburini ni kwa wazee wetu, kunasomwa Yasin na dua, na msimamizi ni ukoo mzima. Katika viambo vyengine viwili hivi vinakaribiana na ndo watu wanavichanganya, na mgeni akiona kitambaa chekundu anadhani tunaabudu wafu. Na wapo ndugu zetu siku hizi wanaosema hata hitima, kile kisomo cha marehemu, na talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, ziachwe. Kila mtu ana shekhe wake. Mimi nnachosema, ukiondoa siku ile ya Shaaban ya kwenda kusafisha na kusoma, umeondoa na siku moja ya mwaka ambayo mtoto anasikia majina yale.

Sasa nani ana haki ya kuzikwa pale? Hapa ndo watu wanapopigana, na sababu ni kwamba ukoo kwetu unahesabiwa pande zote, kwa baba na kwa mama. Mtu mmoja ana viambo viwili, ukimhesabia na bibi zake ana vinne, na kote huko ni kwao kweli. Akiwa hai hiyo ni neema, ana pa kulima na pa kufikia. Akifa, mwili ni mmoja. Kwa mwanamke aliyeolewa mbali ndo tabu zaidi, sheria ya kuandikwa hakuna, nlivoona mimi wanaoamua ni ndugu zake wanaume na wanawe wakubwa, na mara nyingi jibu linatoka kwenye aliyoyasema yeye mwenyewe akiwa hai. Kwa shangazi kilichomaliza ubishi ni mtoto wake mdogo wa kike alieinuka akasema "mama aliniambia anataka ubavuni mwa mama yake mdogo, huko kusini." Basi, watu wakanyamaza wakatafuta gari. Kwahiyo ndugu zangu, semeni. Si uchuro.

Na wapo waliokuja. Viambo havikujazwa na wavyale peke yao. Walikuja watu kuomba pahala, kwa wivu wa kwao, kwa njaa, kwa ndoa, kwa kazi, na utaratibu ulikuwa mgeni anapewa pa kujenga na pa kulima mihogo na mtama, lakini miti ya kudumu, minazi na miembe, hapandi bila ruhusa, kwa sababu kwetu mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwengine, na mwenye mnazi hatoki. Na wapo walioletwa bila kutaka. Mikarafuu ilipotanda karne ya 19 Unguja magharibi na Pemba, ililimwa kwa mikono ya watumwa kutoka bara, na baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja kazi kubwa ikahamia Pemba. Utumwa ulifutwa kisheria 1897, na wengi walioachiwa hawakuwa na pa kurudi, wakabaki kwenye mashamba yale yale, wakazaa, wakafa, wakazikwa.

Walizikwa wapi? Ukitembea makaburi ya zamani ya shamba kwa jicho la kuangalia utaona pembeni, nje ya mstari wa wenyewe, mara nyengine ng'ambo ya njia, pana mawe madogo yaliyotawanyika. Kwetu yapo. Nlimuuliza bibi, akakaa kimya muda, halafu akasema "hao ndo waliochimba makaburi ya hawa." Sikupata tena la kuuliza siku ile. Lakini pale pale pana jambo jengine la kuangaliwa: kadri unavosogea huku karibu na njia, kwenye makaburi ya miaka ya karibuni, ile ng'ambo inapotea. Mjukuu wa aliezikwa pembeni amelala mstari mmoja na mjukuu wa mvyale, kwa sababu walioana. Hakuna aliyetangaza. Mimi nnaamini jambo hili lazima liandikwe kwenye daftari la ukoo kama lilivo, upande wa ng'ambo na upande wa mstari, kwa sababu tukiandika wavyale peke yao tutakuwa tumeandika nusu ya watu wetu na tukawafuta wengine mara ya pili.

Haya, turudi kwa wale wazee watatu.

Aliesema ni ya ukoo alikuwa anasema desturi, na desturi ndo ya zamani kuliko zote: ardhi ya kiambo haina mtu mmoja, ni ya waliozaliwa na watakaozaliwa, mmoja wao hawezi kuiuza kwa mtu wa nje. Aliesema ni wakfu alikuwa anasema sharia. Pahala watu walipoachia pazikiwe Waislamu panatoka kwenye milki ya mtu, haparithiwi wala hapauzwi, na kaburi halifukuliwi maadam mwili haujamalizika kuwa udongo ila kwa dharura. Mjini wakfu ziliandikwa, na tangu 1905 pana chombo cha serikali cha kuzisimamia, ambacho leo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Shamba watu hawakuandika, walizika tu, na kuzika kwenyewe ndo ilikuwa tangazo. Tatizo la wakfu isiyoandikwa ni kwamba mashahidi wake wanakufa nao wakazikwa mule mule.

Na aliesema ni ya serikali alikuwa anasema yaliyokuja baada ya Mapinduzi. Machi 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ya umma, kuanzia 1965 mashamba yakagaiwa eka tatu tatu, zaidi ya familia 20,000 zikapata, na sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992 ikaliweka hilo kwa maandishi, ardhi ni ya umma iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya watu, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Eka tatu ziligaiwa hasa kwenye mashamba ya mikarafuu na minazi, huku maweni kwetu hazikufika sana, lakini huko zilikogaiwa ilitokea mtu anapewa eka zake na ndani yake mna makaburi ya watu wengine kabisa. Wengi waliyaheshimu. Wakalima mpaka ukingoni wakaacha. Lakini mwenye kupewa akifa, wanawe wakigawana au wakihaulisha, kile kichaka katikati ya ramani hakina jina.

Kwahiyo jibu la suali la yule kijana, kwa nnavoelewa mimi: udongo ni wa umma, makaburi ni wakfu, na ulinzi ni wa ukoo. Tabaka zote tatu zipo kwa pamoja na hazipingani mpaka siku anapotokea mtu mwenye fedha.

Na ametokea. Mwaka 1958 visiwa vyote walihesabiwa watu 299,111. Mwaka 2022 tulihesabiwa 1,889,773, na ardhi ni ile ile. Halafu tangu sheria ya uwekezaji ya 1986 pwani imekuwa na bei, na hapo ndo nnaporudi kwenye mchanga. Kile kichanga ambacho wazee walikichagua kwa sababu ndo pekee kinachochimbika, ndo kile kile ambacho mgeni anakitaka ajenge hoteli. Zamani hakuna aliekigombania, mihogo haistawi vizuri, minazi tu na pweza. Walizika kwenye ardhi rahisi na sasa ndo ghali kuliko zote.

Kwetu sisi walikuja masaveya asubuhi moja na vigingi vya rangi nyekundu, na kigingi kimoja kikapigwa baina ya kaburi la mkongojo, tunaloliita hivo kwa sababu shahidi wake umepinda, na muembe. Mwekezaji, sitaki kumtaja, alioneshwa ramani na mtu wetu mwenyewe, wa damu yetu, alieuza sehemu anayodai ni ya baba yake. Ramani ile haina makaburi. Imeandikwa kichaka. Na ukweli lazima niuseme, kilikuwa kichaka, kwa sababu miaka minne hatukwenda kusafisha, kila mtu na shughuli zake mjini, na saveya aliesimama pale aliona msitu, angejuaje?

Ami yangu hakupiga kelele. Alikusanya vijana, wakafyeka siku mbili mpaka mawe yote yakaonekana, ndo akaenda kumwita sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, aje kuangalia kwa macho yake. Hapo mazungumzo yakabadilika. Kigingi kilingolewa na mpaka ukarudishwa nyuma, hatua kumi na mbili, na bado hatujaridhika kwa sababu upande wa ng'ambo, yale mawe madogo, mwanzo haukuhesabiwa ndani, na ilibidi bibi apelekwe kwa gari akasimama pale pale juani akasema hawa pia ni watu. Sasa tunafuata njia ya kupaandikisha, tumepiga picha kila kaburi, tumechukua alama za jipiesi za pembe zote nne kwa simu, tumetengeneza daftari la majina, barua ya sheha ipo. Inakwenda polepole. Kama ukoo wenu haujaanza, anzeni na kufyeka, kwa sababu hakuna karatasi itakayowasaidia kama mtu akifika pale anaona mwitu.

Bahari nayo inakula. Upande wa chini maji yashachukua kiasi cha hatua tano katika umri wangu, na mara moja baada ya kusi kali tulikuta kiunza kimetokeza kwenye ukingo. Wazee walikaa, wakasema hii ndo dharura inayosemwa, wakahamisha kwa sitara, wakazika juu zaidi. Kwa hilo hakuna wa kushitakiwa.

Siku ya shangazi wachimbaji walipofika kiunoni sururu iligonga mbao. Mtu yupo. Hawakuuliza mara mbili, wakarudisha mchanga taratibu kwa mikono, wakasogea hatua tatu upande wa juu wakaanza upya, ndo maana watu walisubiri sana na ndo maana yule kijana akapata nafasi ya kuuliza suali lake. Juu ya ile sehemu hapakuwa na jiwe hata moja. Ami alitafuta mawili pwani akayasimamisha. Ndo lilokuwa la 62, nikaliandika kwenye daftari na pahala pa jina nikaacha wazi.

Wiki iliyopita, saa nne usiku, bibi akapiga simu mwenyewe, yeye ambae kupiga simu hapendi. Akasema amekaa akifikiri, pale tulipogonga mbao, mama yake alikuwa akipita akisema "assalamu alaykum somo", na somo wa mama yake alikuwa mmoja tu. Akanitajia jina, na jina la baba yake, na mji aliotoka. Alikuwa wa ng'ambo. Nikamwambia ngoja bibi, nichukue kalamu.